Dadangu amfunga mwanawe kamba akienda kuchota maji, nimlete Mombasa?

SWALI: Shikamoo mamangu. Mimi ni kijana wa miaka 31, nafanya kazi ya kupakua mizigo kwa godauni moja huku Changamwe, lakini kwetu ni Kinango, ndani ndani kule, ukishuka matatu bado wachukua boda. Dadangu ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Alizaliwa nyumbani, uchungu ulichukua siku mbili, na alipotoka hakulia mpaka akamwagiwa maji. Kukaa alichelewa, kutembea alianza na miaka mitatu, na mpaka leo ana maneno kama kumi hivi. Akiwa mdogo alikuwa akishikwa na degedege, saa hii bado kuna siku anaanguka na kutetemeka. Babake aliondoka akioa kwengine. Mama yetu asema ni pepo, na mbuzi watano washaenda kwa waganga.

Sasa mwezi uliopita nilienda bila kupiga simu nikamkuta mtoto amefungwa kamba mguuni chini ya mwembe, kamba ya mbuzi kabisa, dadangu ameenda lamboni kuchota maji. Nililia. Aliporudi nikamtukana mbele ya watoto wake wengine, na tangu siku hiyo hashiki simu zangu. Nataka nimchukue mtoto nimlete Mombasa nimtafutie shule ya bweni ya watoto kama yeye. Mimi naishi chumba kimoja na mke wangu ana mimba. Nafanya sawa ama nakosea?
Mjomba, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla hatujafika kwa shule nataka umpigie dadako tena, na asiposhika mtumie ujumbe, na asipojibu panda gari uende, umwombe msamaha mbele ya wale wale watoto uliomtukania mbele yao. Nakwambia hivi manake msaada wowote utakaompelekea huyo mtoto utapitia mikononi mwa mamake, na mama akishaona kwamba nduguze wanakuja kumhukumu atafunga mlango, na kamba itaendelea mahali usipoiona.

Hebu fikiria siku yake. Anaamka alfajiri, maji yako mbali, kwenda na kurudi ni masaa. Mtoto wa miaka 9 hawezi kubebwa mgongoni tena lakini mbio anazo, na hatari haijui. Aende naye lamboni, akishusha mtungi tu mtoto ashaingia majini? Amwache nyumbani na jiko la mkaa? Amwachie nyanyake ambaye amwona ni pepo? Wale watoto wengine wako shule. Sasa wewe niambie angefanyaje. Kamba siitetei, mtoto hafungwi, mguu unakatika na roho inakatika zaidi, na katiba yetu ya 2010 kifungu cha 54 chasema wazi mtu mwenye ulemavu atendewe kwa utu na heshima. Lakini ukiifungua kamba bila kumpa dadako mtu wa pili wa kumwangalia mtoto, umefanya kazi nusu.

Mimi hili jambo nalijua kwa macho. Shangazi yangu kule Kaloleni alizaa msichana mwenye sindromu ya Down, na sisi watoto wa Mombasa tukienda likizo tulikuwa twamwona yuko uwani nyuma, mchangamfu, apenda kupigiwa makofi akicheza. Shangazi hakwenda harusi hata moja miaka mingi sana, na watu wakasema ana maringo. Kumbe hakuna hata mmoja wetu, si mamangu, si wajomba, si sisi wapwa, aliyewahi kumwambia nenda leo mimi nitakaa naye. Twampelekea sukari na leso, twarudi mjini, roho zetu ziko safi. Shangazi alipofariki ndipo tukagundua hakuna ajuaye yule binti analala saa ngapi, ala nini, akiogopa anatulizwa vipi. Siku tatu hakula. Kumbe alikuwa amezoea kulishwa na kijiko kimoja cha mbao na mamake akiimba. Hilo halijanitoka mpaka leo, na ndo maana nakujibu wewe kwa urefu.

Sasa tuje kwa mtoto. Kwa ulivyoeleza, uchungu mrefu, kutolia alipozaliwa, kuchelewa kukaa na kutembea na kusema, hiyo yaonekana ni ulemavu wa akili, na daktari ndiye wa kuthibitisha. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa wakati wa kuzaliwa unaumia. Kuna sababu nyengine, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani, ile manjano ya watoto wachanga isipotibiwa, na kuna waliozaliwa hivyo kwa mambo ya chembechembe za urithi kama yule binti wa shangazi. Na wengi tu hata hospitali kubwa haiwezi kusema ilikuwa nini. Lakini pepo hayumo, na mama hakukosea kitu. Mwambie dadako hayo maneno kwa sauti, hakukosea kitu, manake nakuhakikishia tangu mume atoke amekuwa akijiuliza usiku.

Watu wachanganya majina pia. Wendawazimu ni mambo mengine. Mtindio wa ubongo nao unashika viungo, mwili wa mtoto unakakamaa ama unalegea, akili yaweza kuwa nzima kabisa. Ulemavu wa akili unashika kuelewa na kujifunza, mtoto anajifunza ila polepole na kwa kurudiwa rudiwa. Mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili. Na maneno kama zezeta na taahira tuyaache, hata kwa utani, hata mtoto akiwa haelewi, nduguze wanaelewa.

Kitu cha kwanza cha haraka ni huko kuanguka na kutetemeka. Ulemavu wa akili hauna dawa, lakini kifafa kina dawa, na nyengine si za bei. Nenda naye hospitali ya Kinango, waeleze anaanguka mara ngapi, inachukua muda gani, akitoka hapo analala ama vipi, na kama una simu ya kamera irekodi siku moja ikitokea, itamsaidia daktari kuliko maelezo mia. Akianza dawa zisikatishwe ghafla hata akionekana mzima, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Akianguka mlazeni ubavu, toeni vitu vya kumuumiza karibu, msimtie kijiko mdomoni wala kumshika kwa nguvu. Ikipita dakika tano mkimbizeni hospitali. Kila mshituko mrefu unaweza kuuchukua ubongo hatua nyengine nyuma, kwa hivyo mbuzi wa sita auzwe kwa nauli ya hospitali.

Kwa mama yenu usiende na ugomvi. Kama ataka kombe, yale maji ya aya, ama dua asomewe mjukuu wake, dua haimzuii mtu kumeza dawa. Mzuie tu asimpe mtoto mitishamba ya kunywa juu ya dawa, wala wasimfukize wala kumchanja, na umwombe awe yeye ndiye wa kukumbusha saa ya dawa. Nyanya akipewa kazi anabadilika, nimeona.

Halafu kuna karatasi, na hapa ndipo wewe uliye mjini una faida manake wajua kuuliza. Mtoto afanyiwe tathmini ya ulemavu kwa hospitali ya serikali inayokubaliwa, ile fomu ijazwe, asajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi yake. Uliza kwanza ni hospitali ipi na ni siku gani hao madaktari wa tathmini wanakaa, piga simu kabla hujamsafirisha. Nimewaona kina mama pale Likoni wamevuka feri na mtoto mkubwa mgongoni, wamefika wakaambiwa rudi Alhamisi, na nauli ilikuwa ya kukopa. Mama wa namna hiyo harudi tena, na sisi tunasema amezembea.

Akishapata kadi, nendeni kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii muulizie ule mpango wa Inua Jamii wa wenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Haiji yenyewe kwa sababu una kadi, wanaandikisha kwa awamu, na kuna nyumba zinangoja muda mrefu, kwa hivyo jina liwe limeandikwa na dadako amjue yule afisa na yule afisa amjue yeye. Na SHA pia, ile bima ya afya ya serikali, tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, hakikisha mtoto ameandikwa chini ya mamake. Kuna pia wale wahudumu wa afya wa kijiji waliopewa mikoba mwaka 2023, watembea nyumba hadi nyumba, umtafute wa kwenu, manake yeye ndiye atakayekuwa macho yako wewe ukiwa Changamwe.

Haya, shule. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vipo tangu 1984, mtoto anapimwa anapewa barua ya kuonyesha anafaa kuwekwa wapi. Kuna shule maalum, na kuna shule za msingi za kawaida zilizo na darasa maalum ndani yake. Katiba kifungu cha 53 yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sheria ya elimu ya 2013 haimruhusu mwalimu mkuu kumkataa mtoto kwa ulemavu wake. Najua mtaambiwa hatuna mwalimu wa hao, na mara nyengine ni kweli hayupo. Hapo mwombe aandike hivyo kwa karatasi mpeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, usiondoke na maneno matupu.

Mimi kwa rai yangu ningeanza na darasa maalum la karibu na nyumbani hata kama si zuri sana, kabla ya bweni la Mombasa. Nakwambia kwa nini. Yale maneno kumi aliyonayo ni ya Kiduruma, na yote yako kwa mamake. Ukimweka kwa bweni la watu asiowajua wanaosema Kiswahili, wiki ya kwanza hana hata neno la kuomba maji. Na hawezi kusimulia akipigwa, hawezi kusema nani alimfanya nini. Halafu likizo ikifika anarudi kwa nyumba ambayo hakuna aliyefundishwa alichofundishwa yeye, na muhula ukiisha yote yamepotea. Sisemi bweni ni baya, kuna nyumba zimeokolewa na bweni, na kuna walimu wa hao watoto ambao Mungu tu ndiye atakayewalipa, lakini uende ukalale macho, uone vyoo, uone wanakula nini, uone mtoto mkubwa na mdogo wanalala pamoja ama la, na mamake aende akaone kwa macho yake akubali. Na kumleta kwa chumba chako kimoja, mke mjamzito, malori ya bandarini yapita hapo nje usiku na mchana, hapana mwanangu. Utahamisha kamba kutoka mwembeni uilete kwa kitasa cha mlango.

Kitu ambacho watu wa mjini hatukioni ni kwamba kijiji kina kazi nyingi za kurudia rudia ambazo huyu mtoto aweza kuzijua na kuzifanya vizuri. Kupukuchua mahindi. Kubeba maji kwa kidumu cha lita tatu nyuma ya mamake. Kufagia uwanja, kufungulia kuku, na akikua kuwafuata mbuzi na binamuze. Mtaala wa watoto hawa wenyewe unakwenda kwa hatua, hauendi kwa darasa la umri, na vitu vya mwanzo ni kujilisha, kujiosha, kwenda choo, kisha ndiyo kazi za mikono, kwa hivyo nyumbani kwenu mwaweza kuanza kesho. Ukitaka ajue kuvaa shati usimfundishe shati zima. Mvishe yote mpaka libaki kuvuta chini tumboni, hilo afanye yeye, mpigie makofi, wiki mbili hilo hilo tu. Akilijua, mwachie na mkono mmoja. Hivyo hivyo unarudi nyuma mpaka siku anavaa mwenyewe. Yachukua miezi, najua, lakini dadako siku moja ataamka atapata dakika zake ishirini ambazo hakuwa nazo, na siku nyengine ishirini tena.

Na ile kamba basi? Zungusheni ua wa miti kando ya nyumba, penye kivuli, kitu kikubwa mtoto atembee na acheze, na langoni mfunge kengele ya mbuzi ili akitoka mtu asikie. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa wanaume watatu, na wewe wapakua magunia mgongo unao. Kisha zile pesa unazotuma za matumizi zigawe mara mbili. Nusu ilipe mwenye mkokoteni wa punda amletee maji nyumbani, hata mara mbili tu kwa wiki, na nusu mpe msichana wa jirani ama shangazi mmoja anayempenda mtoto akae naye asubuhi mbili, dadako aende soko, aende chama, ama alale tu. Na wewe ukienda likizo, siku moja nzima mtoto awe wako, umwogeshe, umlishe, umlaze. Kwenu mjomba si mtu mdogo. Ukimshika mtoto mkono ukaenda naye dukani mchana watu wakiona, maneno mengi ya kijiji yatakufa hapo bila wewe kujibu.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14 na akili yake ni kama ya mtoto wa miaka mitano. Ameanza hedhi mwaka huu. Twaishi Bamba, mimi nachoma makaa natoka asubuhi. Kuna mzee jirani ampa peremende kila siku. Naogopa na sijui nimwambie nani, watu watasema namsingizia.
Mama, Bamba

JIBU: Dadangu, hiyo hofu yako iheshimu. Huna haja ya ushahidi ili umkataze mtu mzima kumpa mwanao peremende, mwambie mbele ya mtu mwengine, basi, akikasirika na akasirike.

Binti mfundishe kwa vitendo. Wakati wa kumwogesha mwonyeshe hapa na hapa ni pako, hapaguswi, anayekuosha ni mama ama dada fulani tu, na mkifika hapo mchezeshe mchezo wa kusema HAPANA kwa sauti kubwa mpaka aupende. Fanyeni kila siku. Pedi ama kitambaa mwonyeshe kwako wewe kwanza, tia alama kwa chupi mahali pa kuweka, na mtafute mwanamke mmoja unayemwamini ambaye siku za hedhi ataangalia ukiwa msituni. Ukiweza nenda naye kwenye makaa kuliko kumwacha peke yake.

Na likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, usimwogeshe, nguo zake tia kwa mfuko wa karatasi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, isipite masaa 72 manake dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo, kisha polisi na fomu ya P3, ile daktari anajaza alichokiona mwilini. Piga 116, ni simu ya watoto, haina malipo. Wazee wakija na habari ya kumaliza nyumbani kwa mbuzi na pesa, kataa. Watakwambia huyu hawezi kusimama kortini ajieleze, na si kweli, sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inaruhusu shahidi kama yeye asaidiwe na mtu wa kati wa kumsemea. Usingoje litokee ndipo uzungumze. Yule mhudumu wa afya wa kijiji na mwalimu mmoja mwanamke wajue hofu yako kuanzia wiki hii.

SWALI: Sisi ni chama cha akina mama Kisauni, tuko 22. Mwaka huu badala ya kugawana pesa zote tumetenga kidogo tusaidie watoto wenye ulemavu wa akili mashambani. Tumefikiria kununua viti vya magurudumu na kuwapelekea na kupiga picha za kumbukumbu. Ushauri wako?
Katibu, Kisauni

JIBU: Mungu awabariki, wachache wanafikiria hivi. Ila viti msinunue. Wengi wa watoto hawa watembea, na yule asiyetembea ahitaji kiti alichopimiwa mwili wake, kiti kikubwa kinampinda mgongo, na kwa mchanga wa huko hakisukumiki. Kama mmeshaahidi mtu kiti, semeni kwanza na wale wa APDK, chama cha wenye ulemavu wa viungo, huku Mombasa, wanayo mafundi wa kupima.

Chagueni kijiji kimoja tu, chenye nyumba kama tano ama sita za watoto hawa, muende mara ya kwanza mikono mitupu mkae mkekani muwaulize kina mama wanataka nini. Nadhani mtasikia nauli ya kliniki, dawa za kifafa zikikosekana zahanati, sabuni na nguo za kubadilisha, na mtu wa kumshika mtoto siku moja. Pengine watataka wao wenyewe wajuane, manake waweza kukuta mama wawili wako kilomita tatu kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mkiwakutanisha mara moja kwa mwezi chini ya mti, na nyinyi wawili wawili mkienda kwa zamu kukaa na watoto wakati mama zao wanazungumza na kunywa chai, pesa itakayotumika ni ndogo sana, na itawatosha mwaka mzima.

Picha za watoto msipige. Kama mwataka kumbukumbu pigeni ule mti.